Nakala Moja ya Muguu Mwepesi Haikurudi

Shikeni karatasi, iinueni mbele ya dirisha, mtazame mwanga unavyopita. Kabla ya kuchagua rangi, kabla ya kuchagua jina, kabla ya kubishana nani atatokea kwenye ukurasa wa kwanza, fanyeni hivyo. Ninyi vijana wa parokia mlionijia na wazo la gazeti la muziki wa dansi mlicheka niliposema hivyo, kwa sababu gazeti lenu litasomwa kwenye simu, na simu haina mgongo. Sawa. Lakini mliniomba niwaandikie jinsi sisi tulivyofanya hapa Likasi, wakati wa chama kimoja, na mimi nimeona nianze pale kazi iliponiumiza.

Mnivumilie. Nilimaliza shule ya msingi tu, na ninaandika polepole. Barua ya ukurasa mmoja hunichukua siku mbili. Hii imenichukua karibu mwezi, na mtaona mwishoni kwa nini sikutaka kuiacha.

Gazeti letu liliitwa Muguu Mwepesi. Lilikuwa na kurasa nane, lilitoka mara moja kwa mwezi karatasi zikipatikana, na tulikuwa watu watatu. Mwenye gazeti alikuwa Baba Mwape, karani katika ofisi moja ya machimbo ya mawe kule Kakontwe. Muuzaji alikuwa yaya Ngoie, yaani dada Ngoie, msusi wa nywele katika soko la Kikula. Mimi nilikuwa mkono. Nasema mkono kwa sababu mdomo sikuwa nao. Nilikuwa na miaka kumi na minane, na nikisalimiwa na watu wawili pamoja nilijibu mmoja tu.

Baba Mwape alinikuta napaka namba kwenye mabehewa ya chokaa. Alisimama nyuma yangu muda mrefu. Miaka ile mtu akikutazama kwa muda mrefu ulianza kukumbuka ulichosema juzi na ulikisema mbele ya nani. Nilipaka namba saba nzima bila kupumua.

"Weye, mutoto. Jina?"

"Kasongo."

"Na jina ya batizo?"

Nikanyamaza. Majina ya ubatizo yalikuwa yamekatazwa na serikali, tuliyaacha kanisani pamoja na maji. Nilijua huo ni mtego.

"Sina, baba."

Akacheka hadi miwani ikashuka puani. "Bon. Unajua kunyamaza. Na mukono yako haina mbio. Saba moja, dakika kumi! Minye natafuta mutu ya vile, wale bengine bote banapasula stensili yangu."

Stensili, kwa ninyi msioijua, ni karatasi laini yenye nta. Unaichora kwa kalamu ya chuma, nta inafunguka, na wino wa mashine ya roneo unapita pale ulipochora. Baba Mwape alikuwa na roneo kuukuu ambayo ofisi yake ilikuwa imeitupa. Aliiweka sebuleni kwake Kikula, karibu na dirisha, na mke wake aliifunika kitambaa cha mezani wageni wakija. Kalamu ya chuma niliitengeneza mwenyewe kwa waya wa gurudumu la baiskeli, nikaunoa kwenye jiwe siku mbili.

Hapo ndipo upole wangu ulipopata kazi. Mtu wa haraka akichora herufi o, anaifunga kwa nguvu, tumbo lake linadondoka, na kwenye gazeti inatoka doa jeusi. Mimi niliacha kila o wazi kidogo upande wa juu, nafasi ya unywele tu, msomaji haoni, tumbo linabaki. Nikikosea, nilipaka rangi ya kucha juu ya kosa, nikasubiri ikauke, nikachora upya. Rangi ilikuwa ya yaya Ngoie. Kila numero, yaani kila toleo, alikuwa ananiuliza, "Kasongo, leo uko na makosa ngapi? Niko na harusi Jumamosi, uniachie hata ya vidole tano."

Sasa niwaambie tulivyouza, maana gazeti zuri lisilouzwa ni karatasi ya kufungia karanga.

Kwanza, tuliuza mahali mtu anapokaa bila la kufanya. Msichana anayesukwa nywele anakaa saa tatu kichwa kimeshikwa. Yaya Ngoie alimwekea Muguu Mwepesi mapajani. Kufikia msuko wa nne alikuwa amesoma maneno ya wanamuziki wa Kikula, barua za wapendanao, hata maneno ya chama chini ya ukurasa ambayo hakuna aliyeyasoma. Kufikia msuko wa kumi alikuwa anataka kwenda nalo nyumbani.

Pili, tuliuza hatua. Kila numero ilikuwa na dansi mpya, imechorwa kwa nyayo zenye namba na mishale. Nyayo hizo sikuzibuni. Tulitandika turubai jeusi uani, yaya Ngoie akakanyaga unga wa chokaa kutoka Kakontwe, akacheza, na mimi nikapiga magoti nikanakili kila unyayo jinsi ulivyotua. Kidole chake kidogo cha mguu wa kushoto kilisimama peke yake, mbali na wenzake, kama mtu aliyegombana na familia. Nilikichora hivyo hivyo. Baba Mwape aliniambia nikirudishe mahali pake. Sikujibu, na sikukirudisha.

Tatu, na huu ndio ulikuwa ujanja wa yaya Ngoie, dansi ilikuwa na hatua kumi na mbili, sisi tulichapa nane. Nne zilizobaki zilitoka mwezi uliofuata. Mngeona vijana wa Kikula! Bendi inapiga, watu wote wanacheza vizuri mpaka hatua ya nane, halafu ghafla kila mtu anasimama mguu mmoja mbele, anatazama jirani yake kama jirani ana jibu. Wengine walibuni hatua ya tisa yao wenyewe, na magomvi yakatokea.

Jambo la nne sitalisifu, ila lilikuwa sheria yetu: mtu anayenunua nakala mbili, mshuku. Moja ni ya kusoma. Ya pili ni ya nani? Mtu anayelisifu gazeti kabla ya kulifungua, mshuku pia. Baba Mwape alinifundisha kutazama viatu vya mnunuzi, kwa sababu watu wa aina fulani walivaa suti ya kawaida bila tai kama kila mtu, lakini viatu vyao havikuwa na vumbi la Likasi.

Mtu wa aina hiyo tulikuwa naye mmoja, wa kudumu. Vijana wa chama walimtuma Citoyen Kabamba (citoyen, yaani raia, ndivyo tulivyotakiwa kuitana) kusoma kila numero kabla haijatoka na kuipiga muhuri. Kila nakala ilipaswa kuwa na namba kwa kalamu, kona ya juu, ili ijulikane zimetoka ngapi na zimekwenda kwa nani. Mbili zilikuwa zake. Alikuwa kijana mwembamba, anakunja suruali asikanyage, anakaa kwenye kiti bila kuegemea.

"Hatua ya tisa iko wapi?" aliuliza mara ya kwanza.

"Inakuya mwezi unaokuya, citoyen," alisema Baba Mwape.

"Juu ya nini munaificha?"

"Haiko kuficha. Njo biashara."

Kabamba akaandika kitu katika daftari lake. Akageuza ukurasa, akaugeuza kichwa chini, akafuata mishale kwa kidole. "Hii mishale inakwenda wapi?"

"Kushoto," alisema yaya Ngoie. "Citoyen asimame, nitamuonyesha."

Hakusimama. Lakini niliona mguu wake chini ya kiti. Ulikwenda kushoto, ukarudi. Tangu siku hiyo nilimwogopa zaidi, kwa sababu mtu anayetaka kucheza na hachezi sijui atafanya nini.

Basi ikafika numero ya sikukuu ya chama. Kabamba alisema safari hii ukurasa wa kwanza uwe na sura ya Rais, na kofia yake ya chui. Si mwanamuziki, si msichana mwenye misuko. Baba Mwape alinitazama. Hapakuwa na mtu mwingine wa kutazama.

Nilichora siku kumi na tisa. Kuchora uso kwenye stensili ni kazi ya hatari, kwa sababu huwezi kujaza kivuli, unakijenga kwa mistari myembamba, mstari na mstari. Madoa ya kofia peke yake yalinichukua siku nne. Nilikuwa nikitoka hapo sioni vizuri barabara. Lakini picha ilipotoka kwenye roneo, Baba Mwape alivua miwani, akaivaa tena, akasema, "Mutoto, hii njo wewe umefanya?" Kwa mtu kama mimi, aliyezoea kusifiwa kwa kunyamaza, maneno hayo yalikuwa mengi. Mnielewe: sikumpenda yule mtu wa kwenye picha. Nilipenda mistari yangu.

Kabamba alisoma stensili tu, kabla hazijachapwa, akapiga muhuri wake wa kibali. Tukachapa.

Sasa sikilizeni kosa. Karatasi zetu za kawaida zilikuwa zimekwisha mjini, na Baba Mwape alipata nyingine, za manjano, nyepesi kama ganda la kitunguu. Wino nao ulikuwa wa mwisho wa mkebe, mgumu. Niliuchanganya na mafuta ya mashine ili uteleze. Tulikuwa tumefanya hivyo mara nyingi na hakuna kilichotokea, kwa sababu karatasi ya zamani ilikuwa nene na ilinywa mafuta. Tulichapa uso siku ya kwanza, tukaacha ukauke. Siku ya pili tukachapa mgongo wake, ukurasa wa pili. Na ukurasa wa pili wa Muguu Mwepesi ulikuwa ukurasa wa nyayo tangu mwanzo. Hakuna aliyefikiria kuuhamisha. Tulitazama kila upande peke yake, pande zote mbili zilikuwa safi, tukafurahi. Hatukuinua karatasi mbele ya dirisha.

Mafuta hutembea polepole. Yalichukua siku mbili.

Yaya Ngoie alikuja asubuhi ya siku ya tatu, nikiwa peke yangu nafuta roneo. Hakusalimia. Alitoa nakala ndani ya kikapu cha vitana, akaiweka mezani.

"Kasongo. Tazama. Usilalamike, tazama tu."

Nyayo zilikuwa zimepenya. Mguu wa kulia ulikuwa kwenye paji la uso wa Rais. Mguu wa kushoto ulikuwa mdomoni, hatua ya nne, na kidole kidogo kimesimama peke yake karibu na sikio. Kulikuwa na mshale unaotoka kwenye jicho.

"Ni yangu," alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Mukono ni yako, mais muguu ni yangu. Kila mutu wa Kikula anajua hii kidole. Nacheza peku tangu utoto. Banakuya kunikamata minye."

Hakukosea. Watu walikuwa wamechukuliwa kwa mambo madogo zaidi, kwa wimbo, kwa kutosimama bendera ikipandishwa. Waliambiwa wanakwenda Lubumbashi kujibu maswali machache. Na nakala mia moja na sitini hivi zilikuwa tayari mikononi mwa watu.

Baba Mwape alipofika hakupiga kelele. Aliketi, akauliza nani ameona. Yaya Ngoie akasema wasichana wawili wamecheka, mmoja ameacha kucheka. Kuwafuata watu kuwaomba warudishe gazeti lenye sura ya Rais, hilo lenyewe lingekuwa kesi. Mtu angeuliza kwa nini.

Ni yaya Ngoie aliyepata njia. "Tuseme hatua zilikosewa," alisema. "Tuseme ya tano ni ya sita. Mwenye kurudisha numero yake, anapata mupya, na ndani tunaweka zote kumi na mbili."

"Zote?" Baba Mwape alishtuka, na hata katika hofu ile nilimwona mfanyabiashara akiumia.

"Zote, baba. Bule."

Nilikata stensili ya nyayo upya kwa siku moja. Mimi! Sijawahi kufanya haraka vile kabla wala baadaye, na matumbo matatu ya o yalidondoka. Safari hii mgongo wa picha uliachwa mtupu, na karatasi tuliziinua moja moja dirishani. Na vijana walikuja. Mliwahi kuona watu wakikimbia kurudisha kitu walichonunua? Walipanga mstari mbele ya kiti cha kusukia. Nakala moja ilirudi na mafuta ya samaki. Moja ilikuwa imegeuka kifuniko cha debe la karanga, yaya Ngoie akabadilishana na mama wa karanga kwa kumsuka mtoto wake. Kinyozi mmoja alikuwa ameibandika ukutani kwa gundi ya ugali, na tulilazimika kuikwangua, yeye akisema, "Munahangaika sana juu ya hatua moja, bandugu." Alisema hivyo akinitazama kwenye kioo, si machoni. Nilimfikiria yule kinyozi wiki nzima.

Kufikia Jumamosi tulikuwa nazo mezani kwa mpangilio wa namba. Kabamba alikuwa na mbili zake. Zilizobaki zote zilikuwapo, isipokuwa moja. Namba arobaini na moja.

"Arobaini na moja nilikupa weye," Baba Mwape alimwambia yaya Ngoie. "Kifurushi cha kwanza, moja mpaka hamusini."

"Haukunipa."

"Nilihesabu, mama."

"Na minye nilihesabu. Arobaini, arobaini na mbili. Nikasema Baba Mwape amekosea kuandika. Nikanyamaza."

"Ulinyamaza juu ya nini?"

"Na weye unaniuliza vile juu ya nini?"

Wote wawili walisema kweli. Najua kwa sababu namba arobaini na moja nilikuwa nayo mimi.

Niliichukua siku ya kuchapa, kabla nyayo hazijapenya, Baba Mwape alipomaliza kuhesabu na kwenda kunawa mikono. Hatukuruhusiwa kubaki na nakala, kwa ajili ya zile namba, na kuomba sikuweza. Nilitaka kuwa na kitu kimoja nilichotengeneza. Upande mmoja mistari yangu ya siku kumi na tisa, upande mwingine miguu ya yaya Ngoie. Sitasema zaidi kuhusu miguu. Niliikunja mara nne, nikaiweka chini ya vitambaa katika sanduku langu la mbao. Ulikuwa wizi mdogo wa mtu mwenye haya.

Sasa nilikuwa nimesimama kati yao, na ilitosha kusema maneno mawili: iko kwangu. Fikirini pamoja nami. Juzi ningesema, wangenicheka. Lakini leo, baada ya nyayo kutokea, mtu aliyeficha nakala ni mtu aliyeweka ushahidi. Na mtu anayeweka ushahidi anamwekea nani? Ndivyo wangefikiri. Ndivyo hata mimi ningefikiri kama ingekuwa kwa mwingine. Nikasema nitasema kesho. Kesho yake ilikuwa vigumu zaidi, kwa sababu wangeuliza kwa nini sikusema jana.

Jumatatu Kabamba aliingia bila kubisha. Alibaki amesimama.

"Nasikia munabadilisha numero."

"Hatua zilikosewa, citoyen," alisema Baba Mwape.

"Hatua." Alitutazama mmoja mmoja. Kisha akatoa nakala zake mbili ndani ya koti na kuziweka mezani, uso ukitazama chini. Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo hakuna kati yetu aliyelifikiria: muhuri ulikuwa wake. Kama sisi tungekwenda kujibu maswali, yeye angetangulia. Siku zile zote, wakati sisi tukimwogopa, alikuwa nyumbani akiwaza kama sisi tumemtega kwa makusudi.

"Minye sikuona kintu," alisema. "Na nyinyi hamukunipa kintu. Zote zimerudi?"

Baba Mwape alizisogeza zile mbili karibu na rundo.

"Nimeuliza, zote zimerudi?"

"Moja bado," alisema Baba Mwape.

Kabamba aliketi kwenye kile kiti, na kwa mara ya kwanza akaegemea. "Basi mutu iko nayo. Na mutu hawekake kintu ya vile bule." Aliwatazama Baba Mwape na yaya Ngoie. Mimi hakunitazama. Hata kidogo. Nilikuwa mkono tu, na hakuna anayeushuku mkono.

Alipotoka, tulizichoma zote kwenye jiko la uani. Mke wa Baba Mwape akaweka sufuria ya maharage juu, ili moshi uwe na sababu.

Nisikilizeni vizuri sasa. Hakuna aliyekamatwa. Hakuna gari lililokuja. Kabamba alihamishwa mji mwingine, hatukumsikia tena. Serikali haikufanya lolote. Yote yaliyofuata tuliyafanya wenyewe. Yaya Ngoie alianza kusema kwamba Baba Mwape ameificha nakala ile, ili siku yeye mwenyewe akikamatwa aonyeshe unyayo ni wa nani. Baba Mwape alianza kusema kwamba yaya Ngoie ameiuza kwa mtu wa viatu safi. Kila mmoja alikuja kuniambia mimi, kwa sababu mimi husikiliza. "Kasongo, weye unamuonaje ule mama?" "Kasongo, ule muzee ukae naye mbali." Nilitikisa kichwa. Kichwa kinaweza kutikiswa kwa namna ambayo kila mtu anaona anachotaka.

Siku moja nilikwenda hadi jikoni na ile nakala nikitaka kuichoma. Nikaona nikiichoma sitaweza tena kumwonyesha yeyote kwamba mwenzake hana kosa. Nikairudisha sandukuni. Nilijiambia huo ni wema.

Muguu Mwepesi haikutoka tena. Watu wa Kikula walibaki na zile hatua kumi na mbili, na ni dansi pekee niliyoona ikichezwa hadi mwisho. Baba Mwape aliifunika roneo kile kitambaa cha mezani, na haikufunuliwa tena. Mimi nilipata kazi kwenye kiwanda cha chapa cha parokia, ambako mlinikuta hata baada ya kustaafu. Nilichapa vitabu vya nyimbo na kadi za harusi mpaka macho yaliponiachisha. Kazi yangu ilijulikana kwa jambo moja: hakuna ukurasa wangu uliopenya. Wanafunzi wangu walinicheka wakiniona nainua kila karatasi dirishani. Walidhani ni uzee.

Baba Mwape alifariki zamani kidogo. Yaya Ngoie hakwenda matangani. Niliona nafasi yake tupu kati ya wanawake, na nikala chakula cha matanga.

Ninyi mlipokuja na wazo lenu, mkaniuliza kama kuna nakala yoyote ya gazeti letu iliyobaki, niliwaambia hapana. Mliniamini mara moja. Sikulala vizuri kwa sababu mliniamini mara moja.

Mwezi uliopita nilipanda taksi hadi Kamatanda, anakoishi yaya Ngoie na wajukuu wake. Nilimkuta anasuka, vidole bado vyepesi. Nilikuwa nimeandaa maneno njiani, yakaisha mlangoni. Nikampa tu ile karatasi iliyokunjwa mara nne.

Aliikunjua. Aliona uso, na kwa kuwa macho yake si mazuri, akainuka akaenda nayo dirishani. Mwanga ulipita, na nyayo zikatokea juu ya uso.

"Hii kidole ni yangu," alisema kwanza, akionyesha unyayo. Halafu akaweka kidole kwenye kona, kwenye namba. "Kumbe ni weye."

"Ni minye, yaya."

"Baba Mwape aliniambia mbele ya macho yangu kama alihesabu. Moja mpaka hamusini. Nikamwita mwongo." Hakupandisha sauti. Yule mtoto aliyekuwa anasukwa alitaka kugeuza kichwa, akamshika kwa mkono mmoja. "Na matanga yake nilikatala. Muke yake alituma mutu kuniita, nikakatala. Unajua?"

"Najua. Nilikuwako."

"Ulikuwako." Akaikunja karatasi kwa mikunjo yake ile ile ya zamani, akaiweka kifuani. Nilinyoosha mkono. "Hapana," alisema. "Hii hairudi tena mu mikono yako. Binti mukubwa ya Baba Mwape angali Kikula, nyumba ile ile. Tunakwenda Jumapili ya mwisho ya mwezi unaokuya, baada ya misa. Minye nitabeba karatasi."

"Na minye, yaya?"

"Weye njo utasema."

Nimewaandikia haya yote, vijana, kwa sababu mliniomba, na kuhusu stensili na wino hakuna nililowaficha. Lakini kusema sijui, kuandika najua kidogo, na kwa mwezi huu nimekuwa nikitafuta kwenye karatasi jinsi ya kuanza mbele ya mtoto wa Baba Mwape. Nimefuta mianzo mingi. Uliobaki ni mfupi: "Mama, baba yako alihesabu vizuri."

Leo ni Jumamosi.